YAH: Malalamiko kuhusu safari ya mchanga unaotembea, na jinsi mzee alivyovunjiwa heshima mbele yetu

Ndugu Meneja Mkuu,

Salaam. Hii ni barua ya tatu kuiandika. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu ya maneno yaliyokuwemo. Masharti yenu mnayajua, na kipeperushi mmekichapisha wenyewe, kwa hiyo sitavieleza.

Naanzia Jumamosi, saa tano asubuhi, chini ya lile tuta jeusi la mchanga unaotembea. Yule mzee wa Kimaasai, ambaye kipeperushi chenu kinaahidi "simulizi" zake, alikuwa ameanza kutueleza jinsi mchanga ule ulivyotoka Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, na kwa nini tusiukanyage. Muongoza watalii wenu akamkata kauli: "Mzee, hizo ni za kutishia watoto. Hawa wamelipia picha." Kisha akalipanda tuta na viatu vyake, akajaza mchanga kwenye chupa ya maji na kutuita tumfuate. Mzee akanyamaza. Akajifunga shuka lake vizuri, akaondoka.

Niliyekuwa naye ni mama yangu, mwenye miaka 68. Amefundisha jiografia miaka 31. Kila mwaka alichora ubaoni tuta lenye umbo la mwezi mwandamo, akawaambia wanafunzi kwamba liko hapa hapa nchini, karibu na Olduvai, lina kimo cha mita 9 hivi na urefu wa kama mita 100, na upepo wa kutoka mashariki hulisukuma kiasi cha mita 17 kwa mwaka bila kulisambaratisha. Alilifundisha bila kuwahi kuliona. Nimedunduliza miezi minane ili alione.

Siku ya kwanza gari lilichelewa kwa saa tatu. Hilo tulisamehe. Ziara ya Ziwa Natron ilifutwa kwa maelezo kwamba barabara ni mbovu, huku magari ya wenzenu yakitupita kuelekea huko huko. Mama alitaka kuwaona heroe kwenye maji ambayo viumbe wengi hawayawezi. Hilo sijasamehe, lakini si ndilo lililonifanya niandike.

Garini muongozaji alitutangazia kwamba hakuna ajabu yoyote, chembe za mchanga ule zina chuma ndiyo maana zinashikana. Sawa, chuma kimo. Lakini mzee alisema nini? Kwamba mchanga ulitoka kwenye ule mlima. Wanajiolojia nao wanasema tuta lile ni majivu ya volkano, na wanautaja mlima huo huo. Ndio volkano pekee inayojulikana kutoa siku hizi lava ya kaboneti, ambayo hutoka nyeusi kama tope, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka na kurusha majivu. Mama alikuwa na daftari mkononi, na swali lake la kwanza lilikuwa kumuuliza mzee watu wake waliona nini wakati ule. Hakupata nafasi ya kuliuliza.

Nirudie, maana naogopa mtapita hapa haraka. Mama alikuwa amemwamkia mzee shikamoo, mzee ameitikia marahaba, wamecheka pamoja. Ndipo kijana wenu, ambaye kwa umri ni mjukuu wa mzee yule, bila hata kuvua miwani ya jua, akasema "hizo ni za kutishia watoto." Mama akamwomba: "Mwanangu, mwache mzee amalize." Akajibiwa: "Mama, tuna ratiba." Ratiba! Dakika arobaini zilizofuata alizitumia kuendelea kujirekodi video akiteleza juu ya tuta. Mzee hakulipwa hata senti. Ile chupa ilikaa kwenye dashibodi mpaka Karatu, na mpaka Karatu mama hakusema neno.

Jumatatu nilipiga simu, nikaambiwa mtalifanyia kazi. Jibu likaja kwa ujumbe mfupi: punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Mnadhani nitamrudisha mama yangu kwenye gari lile?

Wakati naanza barua hii nilikusudia kudai nusu ya fedha na neno la samahani. Sasa nadai zote, shilingi 1,900,000 za watu wawili. Nadai pia muongozaji yule arudi na chupa yake, aumwage mchanga pale alipouchota, amwombe radhi mzee ana kwa ana, na mzee alipwe ujira wake. Barua ya radhi iandikwe kwa jina la mama na isainiwe na wewe mwenyewe Meneja, si mtu wa mapokezi.

Nawapa siku 14. Zikipita, malalamiko haya yanakwenda Tume ya Ushindani na kwa wanaowapa leseni, yakiwa na risiti, kipeperushi na ile video. Kijana wenu aliituma mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la safari, na sauti ya mzee akikatwa inasikika vizuri mwanzoni.

Mteja wenu