Asante, kaka wa Kikatiti

Ijumaa jioni basi letu lilizimika Kikatiti, tukitoka Moshi kwenda Arusha. Ni Leyland kuukuu. Tuling'oa viti tukaweka vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Ndiyo nyumba yetu, mimi, mume wangu na watoto wawili. Starta ilizunguka, injini haikuwaka, na giza lilikuwa linaingia.

Ukasimamisha pikipiki. "Dada, hii imekula upepo," yaani hewa imeingia kwenye njia ya dizeli. Ulilegeza boliti ya juu ya filta ya dizeli, ukamwambia mume wangu apige pampu ya mkono. Povu likatoka, likatoka, mpaka dizeli ikaja safi. Wengi wangeishia hapo. Wewe ulilala chini ya basi na tochi ya simu, ukatafuta upepo umeingilia wapi, na hapo ndipo nilipokukubali: mpira unaotoka kwenye tangi la dizeli ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Haukuvuja hata tone, kwa sababu upande ule pampu ya dizeli inavuta, kwa hiyo hewa ndiyo inayoingia. Na sisi tulishaambiwa mara mbili tununue pampu nzima! Ukakata kipande kibovu, ukachomeka upya, ukakaza klipu.

Hela ulikataa, ukapokea chai tu. Jina hatukuuliza, na limeniuma tangu siku ile.

Ukipita Tengeru ukaona basi la bluu lenye mapazia ya kitenge, gonga mlango. Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie.