Heri ya Krismasi, na nyota za Kepler

Ndugu na jamaa wa Kampala, Jinja, Gulu na Arua, na ninyi mlio njiani ndani ya basi na kuku miguuni: heri ya Krismasi!

Kila Desemba redio zetu hujaa wanajimu wa kutupigia falaki ya mwaka ujao: nani atapata kazi, nani ataolewa, nani asisafiri. Basi leo namleta mnajimu wa zamani, Johannes Kepler. Alizaliwa Weil der Stadt, Ujerumani, tarehe 27 Desemba 1571, siku ya somo yake Mtakatifu Yohana, jua likiwa katika buruji ya Mbuzi.

Wasoma nyota husema mtu wa Mbuzi ni mkaidi na mchapakazi. Hapo wamepatia, maana huyu alikomaa miaka na hesabu za njia ya sayari Mirihi, hata mwaka 1609 akachapisha kwamba sayari haziendi kwa duara kamili. Ila mwenyewe alijisoma kwa ukali zaidi. Ujanani alijipigia falaki, akaandika kuwa ana tabia ya mbwa wa nyumbani: anapenda kuguguna mifupa na mikate mikavu, anajipendekeza kwa wakubwa, anawabwekea wengine, na kuoga hataki. (Mwenye shemeji wa namna hiyo ampangie kiti mapema.)

Unajimu ulimpa ugali. Katika kalenda ya 1595 alitabiri baridi kali na uvamizi wa Waturuki, yote yakatokea, jina likavuma. Hata hivyo aliuita binti mpumbavu anayemlisha mama yake mwenye busara, yaani elimu ya falaki, sayansi yenyewe ya nyota.

Kinachonigusa ni kitabu chake cha 1619. Humo aliirudia falaki yake ya kuzaliwa, akasema nyota zake hazikuwa sayari Utaridi katika nyumba ya saba (wanajimu huigawa mbingu nyumba kumi na mbili), iliyofanya pembe mraba na Mirihi. Nyota zake ni Copernicus, aliyefundisha kwamba dunia hulizunguka jua, na Tycho Brahe, aliyepima nyota kwa miaka mingi. Bila daftari za Tycho, yote aliyoyavumbua yangebaki gizani.

Mimi namwongezea ya tatu: mama yake, Katharina. Mwaka 1577 ilipotokea nyota yenye mkia, alimchukua mwanawe wa miaka mitano, ambaye ndui ilikwisha kumharibu macho, akampandisha mahali pa juu aione. Uzeeni mama huyo akasingiziwa uchawi, akatiwa minyororo zaidi ya mwaka mzima. Kepler, wakati huo mwanahisabati wa mfalme mkuu, aliziacha shughuli zake akaenda kumtetea mwenyewe, mpaka akaachiwa mwaka 1621. Hata huku kwetu bibi mwenye macho mekundu hana amani, mnajua.

Basi usiku wa mkesha umeme ukikatika, kama desturi yake, msinune. Watoeni watoto nje kama saa tatu hivi. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kitakuwa kimepanda juu. Wahesabu vinyota vyake, wengi huishia sita. Kesho yake, kabla luwombo, kitoweo kile cha ndani ya jani la mgomba, haijafunguliwa, mpigie simu mwalimu aliyekushikisha kalamu, au shangazi aliyekulipia karo. Hiyo salio mnayotaka kumtumia mnajimu wa redioni inatosha.

Krismasi njema, na mwaka mpya uwakute nyote wazima.