Mapishi ya wenzetu waliotangulia
Wapendwa, kabla ya kupika mapishi ya marehemu wetu, tuombe kwanza ruhusa kwa familia. Daftari lake la mapishi lipigwe picha mchana, kila ukurasa, hadi pembeni. Vipimo vingi vimeandikwa huko kwa penseli. Msisahihishe kitu: "kikombe" kibaki kikombe, gramu ziandikwe kando. Hapa ndipo wengi huharibu. Kikombe cha unga uliojazwa kwa kijiko ni kama gramu 120, ukishindiliwa hufika 150 na keki hukauka. Kikombe cha marehemu mwenyewe kikipatikana, pimieni hicho hicho. Mkipika mara tatu ya kipimo, chumvi na pilipili anzeni na mara mbili, halafu muonje. Kadi ya jina la marehemu, ile ya kuweka kando ya chakula, ikae mbali na mvuke, wino huchuruzika.