Lenta izunguke nyumba nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaojenga mkoani Kagera kuhusu lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaopita ukutani juu ya madirisha na milango.

Mimi ni fundi mwashi hapa Bukoba. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, kama saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa juu ya jukwaa napiga lipu. Nikasikia ngurumo, kama lori la mchanga linapanda mlima. Nikageuka kulitazama, halikuwapo. Hapo hapo ukuta ukanisukuma. Lilikuwa tetemeko la ardhi.

Wiki zilizofuata nilizunguka kuziba nyufa. Karibu zote zilianzia kwenye kona za madirisha na milango, zikapanda mshazari. Nyumba nyingine kuta zilikuwa zimeachana kwenye kona, kiganja kinapita. Nikivuta tofali la kuchoma linatoka zima, na udongo uliolishika unamwagika kama unga. Nyumba mojawapo niliijenga mwenyewe mwaka 2009. Mama mwenye nyumba alisema saruji ni ghali, nami nikakubali kujengea udongo. Alilala chini ya turubai kwenye migomba miezi miwili, na hadi leo naumia nikipita pale.

Watafiti walipima tetemeko lile: ukubwa 5.9, lilianzia kama kilomita 40 chini. Ziwa letu limekaa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, na ardhi hii bado inavutwa. Litarudi, hata kama hakuna awezaye kutaja siku.

Ardhi ikisogea, msingi unaifuata, sehemu ya juu ya ukuta inachelewa, na kuta zinazokutana kwenye kona zinavutana kila moja kwake. Bondeni kwenye udongo laini mtikisiko unaongezeka. Lenta ya zege na nondo nne, ikizunguka nyumba nzima bila kukatika, inazifunga kuta ziyumbe pamoja. Lakini bado naona watu wakimwaga vipande juu ya madirisha tu, tena juu ya kuta za udongo!

Naziomba halmashauri zetu zitume mkaguzi siku ya kumwaga lenta, kabla zege halijafunika nondo. Akija nyumba ikishapigwa lipu, ataona rangi tu.

Nanyi mafundi wenzangu, mteja akisema fedha haitoshi, mshaurini apunguze chumba kimoja. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kashai alinikatalia siku tatu. Ya nne akanipigia simu: "Haya fundi, njoo, tujenge viwili."

Fundi mwashi,
Bukoba