Mwanangu, iandae nyumba kwa usiku wa kurudi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba mtafika huku Moshi tarehe 20 Desemba na kurudi Dar tarehe 4 Januari. Karibuni sana. Habari za kuja sikuandikii, kuja hakumshindi mtu. Nakuandikia habari za kurudi. Hebu iwaze saa 4 usiku: mmeshuka stendi ya Mbezi, bajaji imewafikisha getini, mdogo amelala begani, simu imekwisha chaji, na wewe unatafuta tundu la kufuli gizani. Haya yote ni kwa ajili ya nusu saa hiyo.

Kwanza umeme. Nunua LUKU kabla ya safari na uingize tokeni mwenyewe, tarakimu zote 20, mpaka uone uniti zimeongezeka. Tokeni iliyobaki kwenye meseji haiwashi taa, sembuse simu yenyewe ikiwa imezima. Namba ya mita iandike kwenye karatasi uibandike nyuma ya mlango wa jikoni. Taa ya nje iache inawaka. Ya LED ya wati 5, hata ikiwaka usiku na mchana siku zote 15, inakula uniti 1.8 tu. Runinga, king'amuzi na maikrowevu vichomoe kabisa ukutani, usizime swichi ukaridhika. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, ndipo vitu vinapoungua.

Friji ndilo linalowashinda wengi. Kwa siku 4 au 5 liache liwake. Kwa siku 15 lizime, maana umeme ukikatika siku mbili hakuna wa kukuambia. Kuanzia tarehe 13 usinunue tena nyama wala samaki, kuleni vilivyomo. Vitakavyobaki tarehe 18 mpelekee jirani, pamoja na vitunguu na viazi, maana vitachipua tu. Asubuhi ya tarehe 19 lizime, fungua mlango, tandika matambara chini, barafu iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu! Ndani ya ukuta wa friza mnapita bomba jembamba la gesi; ukilitoboa umeua friji. Kisha lifute kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, na mikunjo ya mpira wa mlango uifungue kwa kidole ukisafisha mmoja mmoja, kwa kuwa ukungu mweusi huanzia humo. Likaushe, halafu zungushia taulo kwenye ukingo wa mlango usijifunge. Friji lililozimwa na kufungwa na joto la Dar la Desemba, harufu yake inaingia mpaka kwenye plastiki, na haitoki upesi.

Ukiona lazima uliache linawaka, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo kwenye friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, basi vyote viliyeyuka vikaganda upya. Tupa, hata kama samaki ni mgumu kama jiwe.

Maji. Jaza simtanki, hakikisha mfuniko umekaa sawasawa, kisha funga koki kubwa pale kwenye mita. Boya likikwama mko huku, maji yatamwagika siku nzima na bili itawasubiri mezani. Mkirudi siku ya mgao mtakuwa na ya kuogea. Ila ndoo na madumu yaliyo wazi usiyaache na maji hata kidogo. Mbu wa dengi hahitaji zaidi ya wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka, na Dar imeshaonja mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Kumwaga peke yake hakutoshi: mayai yake hugandamana na kuta za ndoo, juu kidogo ya usawa wa maji, na hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri. Sugua kuta kwa brashi, kisha ifudikize ndoo. Sahani za chini ya vyungu vya maua nazo usizisahau.

Bafuni na chini ya sinki, lile pindo la bomba hubaki na maji yanayozuia harufu na mende wa chemba. Likikauka, mende wana njia. Asubuhi ya kuondoka mimina lita moja katika kila tundu, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea na kuzuia maji yasikauke haraka.

Jikoni, dona imalizeni kabla ya safari. Ina kiini cha mahindi chenye mafuta, kwa hiyo huchacha mapema kuliko sembe. Sembe na mchele utakaoacha uviweke kwenye friza siku 4, kabla hujalizima, mayai ya wadudu yafe. Kisha viache nje vipate joto la chumba vikiwa bado kwenye mfuko uliofungwa, visishike unyevu, ndipo uvitie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Sanduku la kufikia liwe mezani: tambi, dagaa wakavu, mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai, boksi la maziwa ya kukaa nje ya friji, kibiriti na mshumaa. Gesi uipime. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Weka mtungi kwenye mizani, kisha toa uzito huo; kinachobaki ndiyo gesi. Ikibaki chini ya kilo moja, badilisha kabla hamjaja. Funga regulata.

Vitanda vitandike shuka safi, juu yake tandaza kanga kuukuu. Ukifika unavuta kanga na vumbi lake, mtoto analala. Neti iwe imeshushwa tayari. Viatu vya ngozi vya shule vikaushe jua, vijaze magazeti, maana nyumba iliyofungwa inavila kwa ukungu. Na watoto wavivae kwanza kabla hujavifungia: visipobakiza nafasi ya kidole gumba mbele, nunua vingine sasa, Januari kila mzazi yupo dukani na fundi wa sare hana nafasi. Kazi za likizo wazimalize wiki ya kwanza, huku mimi nitawasimamia.

Tiketi za kurudi nunueni siku moja na za kuja. Baada ya mwaka mpya, mabasi ya huku kwenda Dar hujaa. Nauli ya bajaji iwe noti mfukoni, siyo kwenye simu.

Dada wa kazi naye anakwenda kwao. Mpe mshahara wake wa Desemba kamili, mkubaliane tarehe ya kurudi, na nauli ya kurudi umtumie akiwa yuko tayari kusafiri. Usipange kuingia kazini siku ileile anayotarajiwa.

Ufunguo wa akiba uwe kwa jirani. Kufuli la geti litie tone la mafuta ya cherehani, hewa ya bahari isiligandishe.

Njoo na shangazi kaji moja tupu, imekunjwa. Maharage nitakayokupa usiyaingize jikoni usiku ule. Yaache barazani, kesho yake uyaanike na kuyachambua, yasije yakahamisha fukusi kwenye mchele wako. Ndizi nitazikata tarehe 3 jioni zikiwa mbichi kabisa, zisije zikaivia ndani ya buti la basi.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako