Shafti ikikatika tena, tusikimbilie kulaumu vijiti

Mhariri,

Shafti ya mashine ya kusaga ikikatika, mwenye mashine ana foleni ya wateja mlangoni na fundi anaambiwa afanye chapuchapu. Anachomelea, anamwagia maji ipoe, anaifunga. Haichukui muda inakatika tena, milimita mbili tatu pembeni ya palipochomelewa. Lawama zote wanabebeshwa wauza vijiti vya kuchomelea.

Kila fundi anajua chuma kikipoa husinyaa. Ambacho wengi hawajapiga hesabu ni ukubwa wa jambo lenyewe. Chuma laini kikizuiwa kusinyaa, kupoa kwa nyuzi 100 za Selsiasi tu kunatosha kufikisha mkazo, yaani nguvu inayokivuta kwa ndani, wa megapaskali (MPa) 250 hivi, ambapo kinaanza kunyumbuka bila kurudi kilivyokuwa. Maungio hushuka zaidi ya nyuzi 1,000. Mkazo huo hubaki ndani, hauonekani, ukingoja mzigo wa kazi uje juu yake.

Lakini katikati ya kupoa huko, chuma pia hutanuka. Kikipashwa moto kupita nyuzi 727 kinaanza kugeuka austenaiti, mpangilio wa ndani ambamo atomi zimebanana zaidi. Kikipoa mpangilio huo huvunjika na ujazo huongezeka. Katika chuma laini hilo hutokea kwenye nyuzi 600 na ushei, chuma kingali kinanyumbulika, kwa hiyo nafuu yake inapotea na kusinyaa kunaendelea hadi mwisho. Mageuzi yakichelewa, mambo hubadilika. Japani wametengeneza waya wa kuchomelea wenye kromiamu asilimia 10, nikeli asilimia 10 na kaboni kidogo mno. Ukipoa unaanza kugeuka martensaiti, mpangilio mwingine wa atomi, kwenye nyuzi 180 hivi, utanuzi unakuja mwishoni kabisa na kufuta mvuto wa kusinyaa, hata maungio huweza kubaki yamebanwa. Hayo huvumilia mtikisiko kwa muda mrefu zaidi.

Asije mtu akadhani maji yanaleta faida hiyo. Shafti nyingi ni chuma cha aina ya C45, chenye kaboni asilimia 0.45 hivi. Martensaiti yake huanza karibu na nyuzi 330 na ugumu wake hupita 600 HV (kipimo cha ugumu cha Vickers), wakati mafundi makini huogopa chochote kinachozidi 350. Ukimwaga maji, ganda la nje linageuka kwanza na kukakamaa. Sekunde chache baadaye ndani nako kunageuka, kunatanuka na kulipasua ganda. Ongeza gesi ya hidrojeni iliyotoka kwenye vijiti vyenye unyevu, na ufa unaweza kutokea hata siku mbili baadaye.

Wengine hukimbilia vijiti vya stainless, vya aina ya 309 au 312. Vinasaidia kiasi, kwa sababu ni laini na hushika hidrojeni. Ila vikipoa havigeuki mpangilio, kwa hiyo husinyaa mfululizo hadi mwisho, na shafti inapinda kwa urahisi zaidi. Tena kijiti hakibadilishi kilichoko pembeni yake: ile C45 iliyopata moto bado itakakamaa.

Njia iliyo salama haina siri. Vijiti vya 7018, aina yenye hidrojeni kidogo, vikaushwe kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Kuvianika juani ni kujifurahisha tu. Shafti ipashwe moto hadi nyuzi 200 au 250 kuizunguka yote, ikipimwa kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka chuma kikifika nyuzi fulani, kama milimita 75 kutoka kwenye maungio, na isiachwe ishuke chini ya hapo mpaka tabaka la mwisho. Kila tabaka jipya hulainisha lililo chini yake, ndiyo maana tabaka nyembamba nyingi ni bora kuliko moja nene. Ukimaliza, ifukie kwenye majivu makavu au chokaa kavu hadi kesho. Majivu mabichi ni maji kwa jina lingine.

Wenye mashine nao wakubali kwamba kazi hii haiishi saa moja. Kabla ya kuifunga, shafti ikae siku mbili, kisha ipakwe mafuta ya taa, iachwe nusu saa, ifutwe ikauke na kupakwa unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatachora mstari mweusi juu ya chaki. Hapo panakatwa na kuanza upya.

Fundi mchomeleaji,
Morogoro