Marehemu wa Ukurasa wa Kwanza

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi. Mchezo wako wa jukwaani nimeusoma mara mbili: ya kwanza kwa pupa ili nijue nani kaua, ya pili polepole, kalamu mkononi. Nakiri muuaji nilimkosa. Nilimshuku daktari tangu alipoingia na mwavuli mkavu ilhali nje kunanyesha, kumbe ndivyo ulivyotaka. Hapo umeniweza.

Ila kuna jambo limenikera, na ni wewe uliyesema nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyo mzee anayeuawa ukurasa wa kwanza simjui. Najua kachomwa kisu mara ngapi, najua hata saa yake ilisimama dakika gani, lakini sijui alikuwa akicheka vipi. Wahusika wako saba wanamruka pale chini kama zulia.

Utaniambia hadithi za mauaji ndivyo zilivyo, na hujakosea. The Mousetrap, mchezo wa Agatha Christie, yule Mwingereza mwandishi wa hadithi za mauaji, ilipanda jukwaani London mwaka 1952. Ilisimama 2020 kwa sababu ya Korona, ikarudi mwaka uliofuata. Onyesho likiisha, watazamaji huombwa wasiende kumtaja muuaji huko nje. Muuaji ndiye anayetunziwa siri; aliyeuawa hana anachotunziwa. Simdharau Christie, amenikesha usiku mwingi. Lakini kile ni kitendawili, na kitendawili hakina matanga.

Kwenye Columbo, ile tamthilia ya upelelezi ya runinga ya Marekani, waliugeuza mchezo: muuaji tunamwona mapema kabisa, kisha tunakaa kumtazama Peter Falk, anayeigiza mpelelezi, na koti lake lililokunjamana akimzungusha mpaka ajikwae kwa ulimi wake mwenyewe. Swali si nani tena, ni atanaswaje. Napenda sana. Maiti, hata hivyo, ni kisingizio tu.

Aliyenibadilisha mimi ni Forbrydelsen, ile tamthilia ya runinga ya Denmark ya 2007. Msimu wa kwanza una sehemu 20, kila sehemu ni siku moja ya upelelezi, na mauaji ya msichana mmoja ndiyo yanayoubeba wote. Baba anakwenda kumtafuta binti, anafika mahali polisi wamejaa, na mkewe yuko kwenye simu. Mama haoni kitu. Anasikia tu sauti ya mumewe ikivunjika, na basi, ameshajua. Nilisimamisha video nikaenda kunywa maji. Halafu siku zinaendelea, wazazi bado wanatakiwa kulea watoto waliobaki, na wewe mtazamaji unatakiwa kukaa nao.

Najua, wao wana saa nyingi, wewe una mbili na kiti kigumu. Lakini jukwaa lina shida yake: maiti anapumua! Mtu wa safu ya mbele atakitazama kifua cha mzee wako badala ya kumsikiliza mpelelezi. Wagiriki wa kale walikuwa wakiua mbali na macho ya watazamaji, kisha anakuja mjumbe kusimulia, na masimulizi yale yanatisha kuliko kisu chochote cha plastiki. (Na damu yako ya rangi ile, uliyoielekeza kwa mistari minne, ifute. Nakuomba.)

Basi mwache mzee aishi kwanza. Dakika kumi zinatosha. Atafute miwani iliyo kichwani mwake, agombane na mpwa wake kuhusu dirisha, asahau jina la daktari. Tucheke naye. Kisha afie nje, sisi tusikie mlango tu. Miwani ibaki mezani, na sehemu yote ya pili kila anayeingia aione na asiiguse.

Atakayejisahau akaikunja na kuiweka vizuri kwenye mfuko wake, kama mtu aliyeizoea, ndiye muuaji wako. Daktari mwachie mwavuli wake.

Nitumie rasimu mpya hata kama haijaisha. Na tafadhali, safari hii usinidokezee mwisho kwenye simu.

Wako,
Salma